Kaptembwo hadi Loiyangalani kwa Pikipiki: Kwa Nini Pesa ya Dharura Iliachwa Nyumbani

Likizo ikikaribia, wateja wengi hutuuliza swali moja kwa njia tofauti tofauti: nikisafiri mbali, pesa nibebe vipi? Wengine wanaenda ushago, wengine Mombasa. Siku hizi kuna pia vikundi vya marafiki wanaofunga mahema nyuma ya pikipiki na kushika njia ya Baringo, Kerio au Turkana. Jibu rahisi ni kwamba pesa iko kwa simu, kwa hivyo twende. Jibu hilo ni zuri mpaka pale mtandao unapoisha.

Leo tunazungumzia pesa kule mtandao unakoisha. Mfano wetu ni safari ya marafiki saba kutoka Kaptembwo, Nakuru, hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, kila mtu na pikipiki yake, usiku tukilala kwa mahema. Wanne wetu tunafanya kazi katika kampuni hii. Watatu ni waendesha boda wa steji ya mtaani, na ndio waliotufundisha mambo ya cheni na tairi. Safari ilichukua siku saba. Siku ya tano mwenzetu alianguka na kuvunjika mtulinga, ule mfupa unaounganisha kifua na bega, mahali ambapo hakuna simu iliyoshika mtandao. Jioni hiyo hiyo alikuwa hospitalini Maralal. Pesa iliyomfikisha huko, sehemu kubwa hatukuwa nayo sisi. Ilikuwa Kaptembwo, kwa mtu ambaye hakuwa ameondoka nyumbani.

Hilo ndilo tunataka ubaki nalo. Mengine yote kwenye makala hii yanaeleza jinsi ya kulipanga.

Njia yenyewe

Kutoka Nakuru unashika barabara ya Bahati, unapanda Subukia, unavuka ikweta, na baada ya kilomita kama 65 uko Nyahururu. Hapo kuna Maporomoko ya Thomson, maji yanayoanguka mita 74, na baridi ya asubuhi ambayo mtu wa pikipiki haisahau, maana mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mbele ni Rumuruti, Suguta Marmar, Kisima, kisha Maralal, makao makuu ya Kaunti ya Samburu. Ni takriban kilomita 150 kutoka Nyahururu, na siku hizi lami inafika. Maralal ndiko Jomo Kenyatta alikowekwa kizuizini mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa, na nyumba aliyokaa bado ipo.

Hadi Maralal, safari ni kama safari nyingine yoyote nchini. Kuna pampu, kuna benki, kuna mawakala kila kona, na mama wa chai ana nambari ya till imebandikwa ukutani. Unaweza kutoka Kaptembwo bila noti hata moja mfukoni na ufike ukiwa umeshiba.

Baada ya Maralal mambo hubadilika. Njia ni murram, mawe na mchanga, kupitia Marti, Baragoi na South Horr hadi Loiyangalani, takriban kilomita 230. Miji yenyewe ina mtandao. Katikati ya mji na mji, usiutegemee. Mafuta nayo mara nyingi yanauzwa kwa mitungi na chupa, na bei hupanda kadiri unavyoenda mbali na pampu. Kwa hivyo Maralal ndipo tulipojaza tangi hadi juu, tukajaza mitungi ya akiba, tukachaji simu zote, na tukatoa keshi.

Jambo la usalama halina mjadala. Februari 2023 serikali ilitangaza operesheni ya usalama katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Samburu na Laikipia zikiwemo. Hali ya njia hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi. Sisi tuliuliza kituo cha polisi Maralal kabla ya kuendelea, tukauliza tena Baragoi, na hatukuendesha usiku hata siku moja. Kama jibu ni "msiende", pesa yote uliyoweka haifai kukufanya uende.

Mia moja kwa siku

Mtu wa boda hawezi kung'oa 14,000 kwa siku moja bila nyumba kuyumba. Lakini mia moja kwa siku anaweza, hata siku ambayo kazi ni mbaya. Tulichanga mia moja kila siku kwa wiki 20. Hiyo ni siku 140, shilingi 14,000 kwa kila mtu, na kwa watu saba 98,000.

Kwa nini kila siku na si 700 kila Jumapili? Angalia ada. Chukua viwango vya M-PESA vilivyotumika tangu ushuru ulipopanda mwaka 2023: kumtumia mtu shilingi 100 hakuna ada, lakini kumtumia 700 unakatwa 13. Wiki 20 mara 13 ni 260 kwa mtu mmoja, na kwa watu saba ni 1,820. Hiyo 260 ni zaidi ya lita moja ya petroli. Ada hubadilika na kila huduma ina yake, kwa hivyo fungua orodha ya ada ya mtandao wako kabla ya kupanga mchango wowote, uwe wa safari, harusi au chama. Kiwango unachochanga kila mara kinaweza kukupunguzia gharama au kukuongezea.

Mweka hazina hakuwa mmoja wa waendeshaji. Alikuwa dada ya mwenzetu mmoja, anauza mboga pale mtaani, mtu ambaye akisema sukuma ni ya ishirini hata umlilie haitakuwa ya kumi na tano. Kila Jumamosi alihamisha mchango wa wiki kwenye akaunti ya kikundi, akaunti ambayo haitoi pesa bila watu wawili kukubali. Kisha alituma picha ya taarifa ya akaunti kwa kikundi chetu cha WhatsApp. Watu walikuwa wanauliza maswali, na hakuna aliyekasirika kwa kuulizwa. Urafiki mwingi huvunjika kwa sababu mtu anaogopa kuuliza "salio ni ngapi?" mapema, halafu anauliza akiwa ameshakasirika.

Tulivyozigawa

Wiki moja kabla ya kuondoka tuligawa zile 98,000 hivi:

Petroli, 6,000 kila mtu, jumla 42,000. Hii iliingia kwa simu ya kila mwendeshaji. Tulihesabu safari nzima, kwenda na kurudi, kama kilomita 950. Pikipiki zetu ni za cc 150, na zikibeba mzigo tulikadiria kilomita 35 kwa lita, kwa hivyo lita kama 27. Bei ya juu ya pampu hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo bei ya Nakuru tuliijua. Tuliongeza kidogo kwa sababu ya mafuta ya chupa mbele ya Maralal.

Chakula na maji, 3,000 kila mtu, jumla 21,000. Hii ilikaa kwa simu mbili, na laini hizo mbili ni za mitandao tofauti. Kuna mahali laini moja inashika na nyingine inakuwa kama jiwe.

Kulala, 2,500 kila mtu, jumla 17,500, kwa simu ya tatu.

Dharura, 2,500 kila mtu, jumla 17,500. Hii haikusafiri. Ilitoka kwenye akaunti ya kikundi ikaingia kwa simu ya dada, hapo Kaptembwo, na tukakubaliana kwamba haiguswi kwa jambo lingine lolote.

Hapa kulikuwa na ubishi. Mmoja wetu alisema pesa ya dharura inafaa kuwa karibu na dharura. Inaonekana ni kweli, mpaka ufikirie vizuri. Dharura ikitokea porini, simu yenye pesa iko porini pia. Inaweza kuwa imevunjika, imezima, imepotea, au haina mtandao. Mtu aliye nyumbani ana mtandao, ana stima, ana wakala mita ishirini kutoka kibandani, na ana akili iliyotulia. Wewe unahitaji tu sauti yako imfikie, na sauti inaweza kufika kwa simu ya mtu yeyote.

Kumbuka pia tofauti hii: wakati wa kuchanga, pesa iwe na funguo mbili. Wakati wa dharura, iwe na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ukae penye mtandao. Ukihitaji watu wawili kukubali wakati mtu ameumia, na mmoja wao yuko jangwani, umefungia msaada nje.

Keshi, floti na ada ya kutoa

Wakala ana vitu viwili, keshi na floti. Ukitaka kuweka pesa, yeye anahitaji floti. Ukitaka kutoa, anahitaji keshi. Mjini hatuoni tofauti kwa sababu wateja ni wengi, wengine wanaweka na wengine wanatoa. Katika mji mdogo wa mbali, wageni saba wakiingia kwa duka moja wote wanataka kutoa, keshi ya siku inaisha kwa dakika kumi, na mzee aliyekuja kutoa pesa aliyotumiwa na mwanawe anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hivyo tulifanya hivi. Tuliuliza kwanza kama keshi iko kabla ya kugusa simu. Tuligawana mawakala, wawili huku, watatu kule. Na tulitoa Maralal, mji ulio na nafasi, badala ya kungoja Baragoi. Siku ya soko la mifugo keshi huwa nyingi mjini, lakini usiifanye hiyo kuwa mpango wako.

Kila mtu alitoa 2,500 kwa mara moja. Kwa viwango vile vile vya M-PESA, kutoa kuanzia 101 hadi 2,500 kwa wakala ni ada moja, shilingi 29. Ukitoa 500 mara tano utapata pesa ile ile, lakini umelipa 145. Ukipanda juu ya 2,500, hata kwa shilingi moja, unaingia kiwango cha juu zaidi. Ukijua mipaka ya viwango, unatoa pesa kwa kiasi kinachokufaa wewe.

Omba noti ndogo. Muuza maziwa wa njiani hana chenji ya elfu, na fundi wa pancha pia. Hizo 2,500 tuliziweka mahali pawili: nusu mfukoni, nusu kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti cha pikipiki.

Betri pia ni pesa

South Horr ni bonde la miti mikubwa chini ya Mlima Nyiro, na ukifika hapo kutoka mchanga wa Baragoi unadhani umeingia nchi nyingine. Mbele yake miti inaisha. Unapita kando ya mitambo ya upepo ya Lake Turkana Wind Power, minara 365 yenye uwezo wa megawati 310, imesimama kwenye mawe kama msitu mweupe. Halafu barabara inashuka katikati ya mawe meusi ya volkano, na ziwa linatokea, kijani kabisa. Waendesha boda wetu watatu, watu ambao hawanyamazi hata kwa mazishi, walizima pikipiki na kunyamaza.

Hifadhi za taifa za Ziwa Turkana zilitiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Loiyangalani yenyewe ni mji wa Waturuki wachache? La, ni mji wa Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo, chemchemi na mikoma katikati ya joto. Usiku upepo unashuka kutoka Mlima Kulal kwa nguvu, na hema lisilofungwa kwa mawe linaondoka na mwenyewe akiwa ndani. Kabla ya kuoga ziwani tuliuliza wenyeji, kwa sababu mamba wapo.

Minara yote ile ya stima iko karibu, lakini kuchaji simu kambini ni kwa foleni. Tulichaji kwa waya wa USB uliounganishwa na betri ya pikipiki wakati wa kuendesha, na kila watu wawili walikuwa na pawabenki moja. Kati ya mji na mji tuliweka simu zote hali ya ndegeni. Simu inayotafuta mtandao usiokuwepo inakula betri haraka. Ukifika mjini unawasha, unapokea ujumbe, unalipa unachodaiwa, unazima tena.

Tulibeba pia kabambe moja, ile simu ya vibonye ambayo chaji inakaa karibu wiki. Menyu ya pesa kwa nambari za nyota haihitaji simu ya bei. Tutaona faida yake hapo chini.

Laga kabla ya Baragoi

Siku ya tano tulikuwa tunarudi. Kati ya South Horr na Baragoi kuna laga, mito mikavu ya mchanga. Saa nne asubuhi gurudumu la mbele la mwenzetu lilizama, pikipiki ikamtupa upande wa kulia. Helmeti ilifanya kazi yake. Aliweza kusimama na kuongea, lakini mkono wa kulia haukuinuka, na simu iliyokuwa mfuko wa kifua ilipasuka kioo chote. Simu hiyo ndiyo ilikuwa na salio la pesa ya chakula.

Tulimfunga mkono kwa shuka. Tuliwasha simu zetu zote, moja baada ya nyingine. Hakuna kitu.

Baada ya kama saa moja lori lilikuja likielekea Maralal. Dereva alikubali kubeba mgonjwa, mwenzetu mmoja wa kumshika, na pikipiki zao mbili, kwa 5,000. Alitaka nusu hapo hapo, ya dizeli. Hatukumlaumu, yeye pia hatujui. Tulikusanya 2,500 kutoka mifuko sita. Kama tusingekuwa na noti, lori lingeondoka na tungebaki na simu zenye maelfu, zisizoweza kulipa hata chai. Hiyo ndiyo kazi ya keshi ya safari, kukufikisha pale ambapo pesa ya simu inaamka.

Pesa ya simu iliamka Baragoi. Lakini laini ya yule aliyemshika mgonjwa haikushika hapo, na sisi wengine tulikuwa bado nyuma kwa mchanga. Aliomba simu ya utingo wa lori, akapiga Kaptembwo.

Swali la matumbo

Sasa jiweke upande wa dada. Uko kibandani, unakata sukuma. Nambari usiyoijua inapiga. Sauti ya haraka, kelele za injini: ndugu yako amepata ajali, tuko mbali, tuma 2,500 kwa nambari hii ya dereva, sasa hivi. Mkenya yeyote mwenye simu ameshapigiwa simu kama hiyo, na mara nyingi ni ya wezi. Wanajua kwamba ukisikia jina la ndugu yako na neno ajali, vidole vinatangulia akili.

Tulikuwa tumepanga kwa siku kama hiyo. Usiku kabla ya kuondoka tulikula sote kwake, na tukakubaliana: pesa ya dharura ikiombwa kwa nambari ngeni, yeye atauliza tulikula nini usiku ule. Hatukuandika jibu popote, si WhatsApp, si kwenye ujumbe. Jibu lilikuwa vichwani tu.

Aliuliza. Akajibiwa: matumbo na chapati, na chapati ya mwisho tuligombania.

Bado hakutuma. Aliuliza jina la dereva kama lilivyo kwenye laini yake. Akaambiwa. Aliingiza nambari, jina lililotokea kwenye skrini likawa lile lile, ndipo akaweka namba yake ya siri. Dereva alipata ujumbe wake, lori likaendelea. Mambo yote yalichukua dakika tatu hivi. Baadaye dada alituambia kwamba alilia baada ya kutuma, si kabla.

Mgonjwa alipata huduma ya kwanza njiani, na kabla ya giza alikuwa Maralal kwa eksirei. Huko laini ya mwenzake ilishika, na dada akatuma pesa ya hospitali moja kwa moja. Wakati huo ndipo kabambe ilipofanya kazi. Laini ilitolewa kwenye simu iliyovunjika ikawekwa ndani yake, na pesa yote ya chakula ikaonekana. Pesa haikai ndani ya simu. Iko kwa akaunti yako, laini ni mlango tu. Mgonjwa mwenyewe alibonyeza namba yake ya siri, kwa mkono wa kushoto, polepole. Hakumtajia mtu, na hakuna aliyemwomba amtajie. Hata rafiki wa damu haambiwi namba ya siri, maana siku pesa ikipungua kwa sababu yoyote, yeye ndiye atakayeshukiwa kwanza.

Kitu kimoja cha kufanya mapema: SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kama hujajisajili, piga *147# ukiwa nyumbani. Kitandani hospitalini si mahali pa kuanza kujaza fomu.

Hesabu baada ya safari

Tulipofika nyumbani tulikaa na taarifa za miamala za simu zote nne zilizoshika pesa ya kikundi. Ukurasa wa dharura ulikuwa hivi, pamoja na ada za kutuma: lori 5,000, ikiwa ni pamoja na kurudishia watu zile 2,500 za mfukoni, hospitali na dawa 3,500, kanta ya kuleta pikipiki iliyoumia hadi Nakuru 4,000, nauli ya mgonjwa 1,500. Jumla 14,000. Zilibaki 3,500, yaani 500 kwa kila mtu.

Mgonjwa alitaka kulipa zile 14,000 polepole. Tulikataa, na si kwa huruma. Kila mtu aliweka 2,500 za dharura akijua anaweza kuwa yeye. Jambo hilo tulikuwa tumeliandika tangu mwezi wa kwanza wa mchango: pesa ya dharura ikitumika kwa mmoja, si deni lake. Kama kikundi chenu kinaamua vingine, ni sawa pia, lakini amueni kabla mtu hajaumia. Baada ya hapo kila uamuzi unaonekana kama unamlenga mtu.

Kabla hujawasha pikipiki

Chukua orodha hii, ibadilishe iendane na safari yenu.

1. Chagueni mtu mmoja asiyesafiri awe na pesa ya dharura. Awe mtu anayepokea simu, na asiyeogopa kuuliza maswali.

2. Mpangie swali ambalo jibu lake halijaandikwa popote. Akikosa jibu sahihi, hatumi, hata sauti ikilia.

3. Pesa ya kikundi ikae kwa simu zaidi ya moja, na ikiwezekana kwa mitandao miwili.

4. Toa keshi katika mji mkubwa wa mwisho, kwa mara moja, kwa kiwango kinachokupunguzia ada. Chukua noti ndogo.

5. Soma jina kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Pesa ikienda kwa nambari isiyo sahihi, usimpigie uliyemtumia kubishana. Omba irudishwe haraka. Kwa M-PESA unatuma ule ujumbe wa muamala kwa 456. Kwa huduma nyingine, angalia menyu au wapigie huduma kwa wateja mara moja.

6. Bebeni kabambe moja yenye chaji, na mtu ajue nambari mbili za nyumbani kwa kichwa. Nambari zilizo ndani ya simu iliyovunjika hazikusaidii.

7. Helmeti na jaketi ya kung'aa kwa kila mtu, leseni na bima ziwe hai. Sheria inataka hivyo, na laga la mchanga halijali kama uko mbali na polisi wa trafiki.

8. Andikeni mapema nani analipa nini mtu akiumia, pikipiki ikiharibika, au mmoja akiamua kurudi katikati ya safari.

Mwenzetu alivua kitambaa cha bega baada ya wiki sita na amerudi stejini. Zile 500 hakuna aliyezichukua. Ziko kwenye akaunti ya kikundi, na kila siku jioni dada anapokea mia moja kutoka kwa watu saba. Safari ijayo ni ya Baringo na Kerio, na yeye ameshatuambia swali litakuwa jipya.